Ukaguzi wa nyumba kabla hujanunua: huduma niliyoilipia, nilichokipenda na panapopelea

Katika hela zote zilizonitoka wakati wa kununua nyumba, za mwanasheria, za dalali, za kodi, za kuhamisha vitu, ile niliyoitoa kwa roho nyeupe kabisa ni ya mkaguzi wa nyumba. Naandika hii kwa ajili ya mtu ambae ameshaipenda nyumba, ameshaanza kupanga kochi likae wapi na kitanda cha watoto kikae wapi, afu anajiuliza kuna haja gani ya kumlipa mtu mwingine tena aje kuangalia kuta. Haja ipo jamani, tena kubwa. Ila huduma hii ina namna yake ya kuitumia, usipokuwepo siku ya kazi na usipouliza maswali utaishia kutumiwa ripoti ndefu kwenye simu na hutajua pa kuanzia.

Kwanza tuelewane mkaguzi ni nani, maana watu wanamchanganya na wengine. Mthamini anaetumwa na benki kabla hawajakupa mkopo anaangalia kama nyumba inafikia ile hela wanayotaka kukukopesha, basi, analinda hela ya benki na anaweza asifungue hata mfuniko wa dari. Mpima ardhi anaangalia mipaka. Mwanasheria anaangalia hati, kama muuzaji ndo mwenye mali kweli na kama nyumba haina deni wala kesi. Wote hao unawahitaji na hakuna hata mmoja atakaekwambia paa linavuja. Mkaguzi ndo anaeingia kuangalia jengo lenyewe kwa niaba yako wewe mnunuzi: msingi, kuta, paa, umeme, maji yanayoingia na yanayotoka, madirisha, ngazi, kila kinachoonekana na kufikika bila kubomoa. Hayo maneno "bila kubomoa" yashike, ntayarudia huko mbele.

Dalali alikuwa na mtu wake tayari, akaniambia huyu mzuri, anamaliza haraka, hana longolongo. Nikakataa. Yule mtu simjui na simsemi vibaya, ila dalali analipwa nyumba ikiuzwa, na mkaguzi anaeletewa kazi na dalali kila mara anajua akiwa mkali sana simu itaacha kulia. Tafuta wako, mlipe wewe, ripoti ije kwako wewe. Maswali niliyokuwa nawauliza kabla ya kukubaliana bei: unapanda juu ya paa na unaingia ndani ya dari, au unamulika kwa chini tu? Naweza kuwepo mwanzo mpaka mwisho? Nionyeshe ripoti uliyomfanyia mtu mwingine, jina na anwani ukiwa umevifuta. Una bima ya kazi ikitokea umepitiwa na jambo kubwa? Na je unafanya na matengenezo pia? Hili la mwisho msilidharau, mkaguzi mwenye mafundi wake pembeni wa kurekebisha atakachokiona ana sababu ya kukiona kila kona. Kuna mmoja alijibu yote vizuri afu akasema hapendi mnunuzi awepo, anamsumbua. Nikamshukuru nikaendelea kutafuta. Niliempata mwishoni ni mzee mmoja aliyesimamia ujenzi miaka mingi kabla hajaingia kwenye kazi hii, anaongea taratibu, na kwenye mfuko wake kulikuwa na tochi, pimamaji, bisibisi, kipima unyevu, kamera ya joto, kioo kidogo chenye mpini na kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi. Ngazi alikuja nayo mwenyewe.

Alianzia nje. Mi nilitegemea aingie ndani moja kwa moja, yeye akaizunguka nyumba nzima bila kugusa kitu, anaangalia mistari tu, mstari wa paa, wa madirisha, wa msingi, kama kuna sehemu imebonyea au imepinda. Afu akazunguka tena, safari hii akiangalia maji yanakwenda wapi mvua ikinyesha. Akaniambia, "Dada, kitu kinachomaliza nyumba nyingi ni maji. Hata mchwa wanafuata unyevu." Ardhi inayozunguka nyumba inatakiwa iteremke kwenda mbali na ukuta, kipimo alichonipa ni kama sentimita 15 kwenye mita 3 za mwanzo, na gata zimwage maji mbali na msingi sio pale pale chini ya kona. Upande wa mbele kulikuwa sawa. Nyuma sasa, mwenye nyumba alimwaga zege la uani akalipandisha juu, na mteremko wake unaelekea ukutani. Lile tabaka la kuzuia unyevu linalolazwa juu ya msingi, mafundi wengi wanaliita dipisii, linatakiwa libaki kama sentimita 15 juu ya ardhi, na hapa lilikuwa limezikwa chini ya zege. Mzee akachora alama ya chaki pale ukutani akasema tukiingia ndani tutalitafuta hili kwa upande wa pili.

Na tukalikuta. Chumba cha nyuma kilikuwa ndo kizuri kuliko vyote, kimepakwa rangi mpya hata harufu haijaisha, kabati kubwa limesimama pale pale kwenye ule ukuta. Akaomba ruhusa ya kulisogeza, mwenye nyumba akasita kidogo afu akakubali. Kipima unyevu kina sindano mbili fupi, unazigandamiza kwenye plasta na namba inatokea. Akaanza chini kabisa karibu na sakafu, namba ikawa juu sana, akapandisha shubiri kwa shubiri, ikaendelea kuwa juu, mpaka alipofika kama mita moja kutoka chini ikashuka ghafla. Akaenda kupima ukuta wa kati ambao haugusi nje, pakavu chini mpaka juu. Akarudi, akakwangua kwa ukucha pale nyuma ya skatingi, ule mkanda wa chini ya ukuta, plasta ikamwagika kama unga na chini yake kulikuwa na vumbi jeupe limeota kama pamba. Chumvi ile. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia kwenye tofali, yanabeba chumvi, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na chumvi inabaki, na mara nyingi unyevu wa namna hii hauvuki sana mita moja kwenda juu.

Hapa ndo nilipoona thamani ya yule mzee. Unyevu hata mi ningeweza kuuona siku moja, rangi ikianza kubanduka. Yeye aliniambia unatoka wapi. Ingekuwa bomba linavuja ndani ya ukuta, akasema, unyevu ungekuwa doa limezunguka njia ya bomba na pengine katikati ya ukuta. Ingekuwa ni mvuke wa pumzi na wa kupika unaoganda kwenye ukuta wa baridi, ungeona ukungu mweusi kwenye kona za juu na nyuma ya makabati, na chumvi isingekuwepo. Huu unapanda kutoka chini, na sababu iko nje, lile zege. Kwahiyo dawa yake ni kukata ukanda wa zege kando ya ukuta, kushusha ardhi mpaka dipisii ionekane, kujaza kokoto maji yapate njia, kisha kungoja ukuta ukauke ndo uguse plasta. Fundi rangi angekuja na rangi ya kuzuia maji, angelipwa, na baada ya msimu mmoja wa mvua ungeanza upya. Tofauti ya hela kati ya kujua chanzo na kutokujua ni kubwa mno.

Nyufa zilinitisha mimi zaidi yake. Kuna moja sebuleni ndefu, nyembamba kama nywele, nilishaanza kuiona nyumba inaanguka, akaipitia kwa kidole akasema hii ni plasta tu imekauka, haifiki milimita moja, ziba upake rangi. Zile za kuogopa alinieleza: zinazoanzia kona ya dirisha au mlango zikaenda mshazari, zinazofuata ngazi ngazi kwenye viungo vya tofali, zilizo pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, zinazotokea ndani na nje mahali pale pale. Ikivuka milimita 5 usibishane na mtu, ita mhandisi wa majengo. Pia angalia ndani ya ufa kama kuna rangi au vumbi la zamani, kama kipo basi ufa una umri wake na pengine umetulia, ukiwa na kingo kali na safi ni mpya na bado unatembea. Na milango, fungua na ufunge yote. Mlango unaosugua juu upande mmoja wakati fremu iliwekwa ikiwa imenyooka unakwambia kitu kuhusu msingi.

Darini nilipanda nae mpaka mlangoni pa dari. Kitu cha kwanza akazima tochi. Tukakaa gizani kidogo, vitundu vya mwanga vikaanza kuonekana kwenye bati pale ambapo raba za misumari zimekwisha. Akawasha tochi akafuata kila kitundu mpaka kwenye mbao chini yake, akagusa madoa kwa mkono, mengi makavu, mawili matatu yana ubaridi. Hiyo ni kazi ya siku moja ya fundi mwenye misumari mipya. Feni ya bafuni ilikuwa inatoa mvuke wake humo humo darini badala ya kuupeleka nje, hilo nalo akaliandika, linaozesha mbao pole pole na hakuna anaeliona. Ila kilichomfanya anyamaze ni tangi la maji. Tangi la lita 1,000 limekalishwa juu ya mbao za kenchi. Maji lita 1,000 ni tani moja kamili, tangi lenyewe hujahesabu, na kenchi ile ilitengenezwa kubeba paa. Afu ubao mmoja wa chini ya tangi ulikatwa karibu nusu kupitisha bomba. Kwenye ripoti hili lilikuja kuandikwa kwa rangi nyekundu, na chini ya tangi kuna chumba cha kulala.

Umeme nao. Watu wengi wanaonunua nyumba wanawasha taa, ikiwaka wanasema umeme upo safi. Mzee alichomeka kile kidude chake kwenye kila soketi aliyoweza kuifikia, kina taa tatu ndogo, na kwa namna zinavyowaka unajua kama nyaya zimefungwa sawa. Jikoni soketi zote zina matundu ya kisasa kabisa lakini waya wa ethi haukuwepo nyuma yake, yaani friji au birika likipata hitilafu bodi lake linaweza kuwa na umeme na hakuna pa kwenda zaidi ya mkono wako. Kwenye boksi la breka akabonyeza kitufe cha T cha kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, hakikukata. Kinatakiwa kikate hata ukivuja miliampea 30 tu, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, hicho ndo kinachookoa mtoto aliyeingiza msumari kwenye soketi. Hata kama hununui nyumba leo nenda kabonyeze cha kwako.

Afu akafungua boksi akanionyesha waya wa hita ya maji. Waya wa milimita 1.5 za mraba, umefungwa kwenye breka ya ampea 32. Nikamwambia mzee wangu mbona breka kubwa ni nzuri, haitakuwa inajikata kata. Akanielekeza kwa upole kabisa: breka iko pale kulinda waya. Waya mwembamba ukipitisha umeme mwingi unapata moto ndani ya ukuta, plastiki yake inalainika, na breka ya ampea 32 haioni tatizo lolote kwasababu kwa kipimo chake bado hujafika. Inaelekea breka ndogo ilikuwa inajikata kila wakiwasha hita, mtu akaona breka ndo mbovu akaweka kubwa. Nilipiga picha ile mwenyewe, ninayo mpaka leo.

Maji hakukaa sana. Alifungua bomba zote kwa pamoja na kuvuta choo akaangalia nguvu ya maji inashuka kiasi gani, akajaza masinki akayaachia kwa mkupuo akisikiliza kama yanakoroma, maana kukoroma kunaonyesha bomba la hewa limeziba au halipo. Akafunga bomba zote akaenda kusimama kwenye mita kuona kama bado inazunguka, haikuzunguka. Kwenye hita akatafuta valvu ya kupunguza presha na bomba lake la kumwagia nje, ikiwa imezibwa na mtu aliyechoka kuona inadondosha maji basi umelala na bomu, hapa ilikuwa sawa. Mchwa aliwatafuta kwa kugonga fremu za milango na skatingi kwa mpini wa bisibisi akisikiliza panapolia utupu, na kuangalia vile vijia vya udongo kwenye msingi. Hakukuta. Ngazi akapima kwa futi nafasi kati ya vyuma vya kujishikia, ikizidi sentimita 10 kichwa cha mtoto mdogo kinaweza kupita.

Kama nyumba ni ya zamani muulize pia kuhusu asbesto, kwenye bati za zamani, dari na mabomba. Kwa macho tu hawezi kuthibitisha, inatakiwa kipande kipelekwe maabara, na ikiwepo usikate wala kuisugua mwenyewe maana hatari iko kwenye vumbi lake ukilivuta.

Sasa kuhusu kuwepo. Ripoti inasema "unyevu ukuta wa kaskazini, chumba namba 3, rekebisha". Maneno hayo hayo yanaweza kuandikwa kwa doa dogo na kwa ukuta unaooza. Ukiwa umesimama pale unaona uso wake, unaona anakaa muda gani kwenye kitu, unasikia sauti yake. Swali lililonisaidia kuliko yote lilikuwa hili, "Mzee, ingekuwa nyumba ya mwanao, ungeanza kurekebisha nini?" Akajibu bila kufikiria: umeme, tangi, afu zege la nyuma, paa linaweza kungoja mpaka kabla ya mvua. Nilipomuuliza ninunue au nisinunue alikataa kujibu, akasema hiyo sio kazi yake, kazi yake ni kunieleza hali ya nyumba. Wakati ule nilikereka kidogo. Sasa naona alifanya sawa kabisa, kwasababu hajui nina hela kiasi gani, nina haraka kiasi gani, na nyumba yoyote aliyowahi kuikagua ina kasoro.

Nije kwenye yasiyonifurahisha. Ripoti yenyewe ilikuwa ndefu mno na nusu yake ni maneno ya kujikinga, "haikuwezekana kuona nyuma ya", "inashauriwa kumuita mtaalamu wa", yamejirudia kurasa nzima mpaka tangi la kuua watu limekaa ukurasa mmoja na bawaba ya kabati iliyolegea, zote zina picha kubwa sawasawa. Ingefaa ukurasa wa kwanza uwe na mambo ya hatari peke yake, unaofuata mambo ya hela nyingi, halafu ndo hayo mengine. Nilimuomba akanitengenezea, na aliifanya bila kinyongo, lakini kitu kama hicho mteja hatakiwi kukiomba. Wakaguzi, mnaijua shida hii, tafadhali ibadilisheni, mtu anaesoma ripoti yenu yuko kwenye presha ya siku chache kutoa uamuzi wa hela ya maisha yake.

Na mipaka ya kazi. Shimo la maji taka alifunua mfuniko tu akaangalia kiwango cha maji, basi. Kupitisha kamera ndani ya bomba la maji taka ni huduma nyingine kwa bei nyingine, na mi ningeshauri uichukue hasa kama kuna miti mikubwa karibu, mizizi inaingia kwenye viungo vya bomba na huwezi kujua mpaka siku choo kinarudisha. Bomba zilizozikwa hakuziona. Ndani ya ukuta hakuona, kamera ya joto inaonyesha tofauti ya joto juu ya uso wa ukuta, haipenyi ndani kama wengi wanavyodhani. Vyumba vilivyojaa mizigo aliangalia panapoonekana. Hayo ndo yale ya "bila kubomoa", na yameandikwa kwenye mkataba wake, usome kabla hujalipa pamoja na kile kipengele kinachosema akikosea atawajibika kwa kiasi gani, wengine wanaandika mwisho wa kuwajibika ni kurudisha ada uliyolipa tu. Kwa hayo nampa nyota nne kati ya tano, ile moja imezuiwa na mpangilio wa ripoti na hilo la maji taka ambalo angeniambia mapema kwenye simu ningepanga yote siku moja.

Jambo ambalo halimhusu mkaguzi lakini bila hilo huduma yote inapungua nguvu: ofa yako iandikwe kwamba inategemea matokeo ya ukaguzi, na kwamba yakiwa mabaya unaweza kujitoa na kurudishiwa amana yako, au kukaa mezani upya. Ukishasaini bila kipengele hicho, ripoti inakuwa orodha ya matatizo yako. Dalali atakuharakisha, atakwambia kuna mtu mwingine anaitaka. Inawezekana yupo kweli. Mwache aichukue, kuliko kuweka hela ya miaka mingi kwenye kitu ambacho hujakifungua.

Kwenye kupatana usipeleke ripoti nzima. Muuzaji ukimpelekea makosa mia, ikiwemo bawaba, anakasirika na anaacha kukusikiliza. Mi nilipeleka manne tu, umeme, tangi, zege la nyuma na paa, kila moja na picha yake na makadirio ya fundi niliemlipa mimi. La zege na la paa nikachukua punguzo la bei nifanye mwenyewe, maana ukuta ule unahitaji kungoja ukauke na muuzaji asingengoja, angepiga plasta mbichi akaondoka. Umeme na tangi nikataka afanye yeye kabla ya kusaini, kwasababu sikutaka kuingiza watoto siku ya kwanza kwenye nyumba ile ikiwa vile.

Na wanaosema nyumba mpya haina haja ya ukaguzi, jamani. Nyumba mpya haijawahi kunyeshewa misimu kadhaa, haijawahi kukaliwa, hakuna aliyewahi kuoga humo watu watano asubuhi moja. Kasoro zake hazijapata muda wa kujitokeza, na mjenzi bado anapatikana kurekebisha kabla hujamalizia malipo. Kama nyumba inajengwa bado ndo vizuri zaidi, mkaguzi aje kabla plasta haijafunika mabomba na nyaya.

Muuzaji alipotuambia amemaliza matengenezo nilimuita tena mzee. Tangi lilikuwa limeshushwa chini kwenye mnara wake wa chuma, safi, ubao uliokatwa umeunganishwa na mwingine pembeni kwa bolti, akaridhika. Soketi za jikoni zina ethi sasa, kitufe cha T kikakata papo hapo. Kwenye boksi la umeme breka ya hita imebadilishwa na waya mnene mpya unang'aa, mi nikawa nimeshafungua kalamu. Mzee hakusema kitu, akaenda upande wa hita, akafungua kikasha kidogo cha kuunganishia, na pale ukatokea ule ule waya mwembamba wa zamani. Akapanda darini. Fundi alivuta waya mpya kutoka kwenye boksi mpaka katikati ya dari, akauunganisha na wa zamani kwa kusokota na utepe mweusi, akarudi chini. Mwenye nyumba mwenyewe alishangaa, aliambiwa kazi imekwisha na akalipa. Fundi akaitwa, akavuta waya mzima bila kiungo kutoka breka hadi hita, mzee akapima tena, ndo nikasaini. Kurudi kwake kuna gharama yake na haimo kwenye bei ya kwanza, kwahiyo mkipatana siku ya mwanzo ulizia na hiyo iandikwe.